Baba, Sijui Kama Nimechagua Mashine Inayofaa

Baba,

Nimeanza barua hii mara tatu. Kila mara mkono unaandika "habari ya huko", kisha naona aibu na kufuta, kwa sababu hukupenda maswali yasiyo na jibu. Basi nitaanza na habari ya huku. Huku si kuzuri. Mama hali chakula vizuri, na mimi mwanao Muhonja nina wiki tatu sina raha kwa sababu ya mashine ya gemu.

Usicheke. Ama cheka, lakini nisikilize kwanza.

Ile mashine yetu haipo tena, na kosa ni letu sisi watatu. Unakumbuka tulivyokuwa tukimwambia kila mgeni kwamba kile kidude cheusi chini ya runinga ni deki ya mahubiri? Mzee wa kanisa mzima, umestaafu na heshima zako, ungekirije kwamba kila Jumamosi baada ya chai unacheza mpira na binti yako kwa vidole gumba? Mama ndiye aliyekuwa askari wetu. Akiona mtu langoni anapaza sauti kutoka jikoni, "Karibuni, karibuni wageni!", nawe unaficha padi zote mbili za kuchezea chini ya mto wa kiti, mimi naweka kwaya. Kazi hiyo tuliifanya vizuri kupita kiasi. Siku ya kunyoa nywele baada ya kukuzika, wazee walipokaa uani kugawa vitu vyako, koti lilienda kwa huyu, baiskeli kwa yule, halafu mmoja wao akasema, "Hiyo deki ya mahubiri apewe ndugu yake, huyo ndiye anapendanga neno la Mungu." Baba mdogo akaipokea kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa nimesimama na wanawake, sufuria mkononi. Ningesema nini, Baba? Kwamba mzee tuliyemzika kwa nyimbo alikuwa akiwadanganya? Nikaendelea kupakua chakula. Mama naye akaangalia chini.

Baba mdogo aliipeleka kwake Iguhu, akaiunganisha na betri ya sola kwa nyaya zake mwenyewe. Baada ya mwezi alinirudishia ikiwa ndani ya gunia la mbolea. "Nimeiwekea mahubiri matatu, yote imekataa," akasema. "Mwisho ikakasirika, ikatoa moshi." Nilicheka hadi machozi yakanitoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Alidhani nalilia deki.

Sasa sikia kinachonitia hofu. Kaka Wycliffe ameamua Mama ahamie kwake Nairobi. Anasema nyumba ni kubwa, Mama yuko peke yake, na mimi niko mjini na kazi yangu ya kaunti, naenda kumwona Jumamosi tu. Hasemi uongo, kaka yangu. Mama hakai tena sebuleni. Anakula obusuma kidogo, matonge mawili ya ugali, akiwa amesimama jikoni, ukimuuliza anasema ameshiba. Wycliffe amepanga kuja kumchukua mwisho wa mwezi. Lakini wewe unamjua mkeo. Mtu aliyeamka miaka yote akienda kuangalia mboga zake, utamweka ghorofa ya nne amwagilie nini? Naogopa tukimpeleka tutamrudisha kwenye jeneza. Nimeliandika hilo, na sitalifuta.

Siku moja tulikuwa tunachambua mboga, akasema bila kuniangalia, "Hiyo kitu ya baba yako ingekuwa hapa, labda hii nyumba ingekaliwa." Basi. Nami nikalidaka neno hilo kama mtu anayezama.

Ndivyo nilivyofika dukani kwa Bi Rehema, mama wa Mumias anayeuza simu na mashine hizi mjini. Alinionyesha tatu. Ya kwanza kubwa, nyeupe, picha zake unaona hadi jasho la mchezaji. Lakini haina mahali pa kuingiza diski, kila gemu inapakuliwa kwa intaneti, na unajua kwetu nyumbani mtandao unapatikana ukisimama chini ya mparachichi tu. Ya pili ni ndogo, ya kubeba mkononi, ina betri yake. Hiyo niliipenda kwa sababu ya mvua za saa tisa. Wewe ngurumo ya kwanza tu, hata kama tuko dakika ya mwisho na naongoza, ulikuwa unapaza sauti, "Chomoa! Radi haijui mpira!" Lakini kioo chake ni kidogo, na macho ya Mama sasa yanasoma hata Biblia kwa shida. Ya tatu ni kama ile yetu, ya diski, imeshatumika. Feni yake inakoroma. Nani ajuaye imepita mikono mingapi? Ikizimika baada ya mwezi, Mama awe na misiba miwili katika sebule moja?

Niliuliza kila mtu. Ofisini mmoja akaniambia mtu wa kucheza saa moja kwa wiki hana haja ya mashine, acheze kwenye simu. Mwingine akasema nisinunue kitu kidogo, nitajuta. Niliandika kwenye karatasi, nikachana, nikaandika tena. Najua ungeniambia mchagua jembe si mkulima. Kweli, Baba, lakini mkulima akikosea msimu huu ana msimu ujao. Mimi nilikuwa na mwisho wa mwezi tu.

Niliporudi mara ya nne, Bi Rehema alichoka nami kwa adabu. "Dada yangu," akasema, "mwenye kucheza ni nani?"

Nikamjibu palepale. "Ni baba yangu. Yeye anapenda mpira tu, hataki gemu za vita."

Ndipo nikasikia nilichosema. Nilikuwa nimesimama katikati ya duka, nimefungua mkoba, namnunulia mtu aliyelala chini ya udongo tangu masika. Nilimwambia ukweli. Akasema "Inna lillahi", akanivutia kigoda nikae. Siku zote zile nilikuwa napima kila mashine kwa vidole vyako. Sikuwa nimemfikiria anayebaki, isipokuwa macho yake.

Jumamosi iliyopita nikamleta Mama mwenyewe. Alivaa nguo ya kanisani. Zote tatu alizitazama bila kuzigusa, na mimi nikieleza mambo ya intaneti na betri hadi nikaishiwa pumzi. Kisha akamuuliza Bi Rehema swali moja tu: "Hii inachezwanga na watu wangapi?"

"Hata mmoja anatosha, mama. Wengi wanacheza peke yao."

Mama akaisukuma ile ndogo kando kwa kidole. "Peke yangu nimeshakaa. Nipe ya kushikwa na wawili."

Tukachukua ile inayokoroma, na padi mbili. Nilijaribu kumwonya kwamba ni ya zamani. Akasema, "Hata mimi."

Jioni hiyo alikunywa chai sebuleni. Kwenye kiti chako hakukaa, alikaa kile cha pembeni, lakini alikaa. Alishika padi juu chini. Goli lake la kwanza alijifunga mwenyewe, akaniuliza mbona watu hawashangilii. Wycliffe akapiga simu kutuambia gari litakuja siku gani, na Mama, macho kwenye runinga, akaniambia, "Mwambie asikuje Jumamosi. Niko na mechi." Wycliffe akaniuliza kwa sauti ya chini kama akili ya Mama iko sawa. Nikamwambia aje ajionee.

Sasa atakuja Jumapili. Mama hajasema ndiyo wala hapana. Mimi nikiwa pale nasikiliza feni kuliko ninavyotazama mpira, na kila ikikohoa naigeukia. Nimeshindwa kujua kama saa moja ya Jumamosi inaweza kumshikilia mtu wiki nzima. Labda ningechukua ile nyeupe. Labda ningehamia nyumbani na kuacha habari za mashine. Halafu, Baba mdogo nimeamua kumwambia ukweli kuhusu ile deki, na hilo nalo linanitia hofu.

Pumzika, Baba. Usituhangaikie, mimi nahangaika kwa niaba ya wote. Nakuahidi jambo moja. Mama ameanza kuniomba nimwachie goli moja tu, angalau azoee. Sitamwachia. Akitaka kunishinda, itabidi akae.

Mwanao,
Muhonja