Koti la Baba Sokoni Oyugis

Kaka Okari,

Sisi tu wazima, na mahindi yameanza kubeba. Jumatatu nilienda Oyugis kutafuta sweta ya mtoto. Kwenye rundo la mitumba nikakuta koti la kijivu lililoshonwa kwapani kwa uzi wa kijani. Nililishona mwenyewe. Ndilo tulilokupa ukamvalishe Baba mochari.

"Umelitoa wapi?" nikamuuliza muuzaji.

"Kuna mtu wa mochari huniletea, mama."

Nikalinunua. Nyumbani Mama aliushika ule uzi, akalitambua koti.

Jeneza hatukulifungua, kwa sababu ulituambia umemvalisha na amependeza. Sasa Mama hajali koti lilifikaje sokoni. Anauliza tu kama uliuona uso wa Baba, kama kweli ni yeye tuliyemzika.

Nijibu mimi kwanza.

Dada yako,
Kemuma