Mashine Iliyonguruma Bila Kuzunguka

Runyenjes,
9 Novemba 1996.

Kwako dada yangu mpendwa Kathambi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Muthara, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Sisi tu wazima wa mwili, ila roho yangu ndiyo mgonjwa.

Umeme umefika kwetu. Tuliletewa nyaya mbili, za taa na redio, nami nikajiona mtu. Kisha Veronicah, mke wa shemeji yangu Nyamu, akavutiwa nyaya nne na kufungua mashine ya kusaga mahindi kando ya ua wetu. Dada, nilikonda kwa wivu. Wanawake waliokuwa wakiingia kunisalimu sasa wanapita na magunia bila hata kugeuza shingo. Munyi mume wangu naye, akila ugali wangu, anasifu unga wa Veronicah.

Nikamwita fundi Gichovi nikamwambia nataka mashine kubwa kuliko ile. Akanionyesha transfoma juu ya nguzo. Alisema ndani yake mna koili, yaani nyaya zilizoviringwa, zilizokaa jozi jozi bila kugusana. Umeme mkali ukipita katika moja, mwingine mpole unaamka katika ya pili. Jozi ni tatu, na kila jozi ina waya wake. Mimi nimepewa waya mmoja na ule wa kurudishia. Veronicah anazo zote tatu pamoja na ule wa kurudishia, na hizo tatu zinasukuma mota kwa zamu ndipo izunguke. Akaongeza kwamba mmoja ukikatika, mota ile haiwezi kuanza; itanguruma tu mpaka iungue, isipozimwa upesi. Hayo ya mwisho niliyasikia vizuri sana.

Alhamisi ya wiki iliyopita umeme ulipotea mchana. Veronicah akaacha swichi ikiwa imewashwa, akaenda kuchuma kahawa. Uliporudi, taa yangu iliwaka, lakini mashine yake ikanguruma bila kuzunguka. Nilikuwa uani nikichambua maharagwe, nikajua palepale kwamba waya wake mmoja umekatika. Mlango wake ulikuwa wazi na swichi nilikuwa naiona. Dada, niliendelea kuchambua. Nilitaka iungue. Moshi ulipoanza kutoka ndipo nikaogopa nyumba itashika moto, nikakimbia kuizima.

Veronicah alinikuta nimeshika swichi, macho yakitoka machozi kwa moshi. Mota imekufa. Jumapili alisimama kanisani akasema bila Ntinyari nyumba yake ingekuwa majivu, na akina mama wakanipigia vigelegele. Hata Munyi sasa ananisifu mimi.

Veronicah ni mjamzito, na mwezi wake ndio huu. Amesema akizaa msichana, jina la nyanya, ambalo kwa desturi hutangulia, litangoja. Huyu ataitwa Ntinyari.

Nishauri kabla hajajifungua. Wasalimie wote, na mama umshike mkono kwa niaba yangu. Lakini barua hii usiisome mbele ya watu. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama.

Ni mimi mdogo wako,
Ntinyari.