Kioo Kilichopasuka Jumamosi

Katesh,
12 Juni 2024

Mpendwa Kaka Godlisten,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na joto la Dar limepungua. Mimi ni mzima. Nakula, nafundisha, nasahihisha madaftari. Huku baridi imeanza.

Kila wiki unaniuliza habari za ile tableti ya kusomea vitabu uliyotuzawadia kwenye harusi. Nakujua, kaka, tangu utotoni hukubali haki yako ipotee hata ikiwa ni pipi. Uliikatia waranti ya kioo kikivunjika kwa ajali, kwa hiyo lazima tupewe nyingine.

Dada mmoja wa kampuni alinipigia kutoka Arusha. Alisema maombi yako yamekubaliwa na mpya iko tayari, ila kwanza nirudishe iliyovunjika, mwisho Ijumaa hii. Akanipa pole kwa usumbufu. Nimepewa pole nyingi mwaka huu, na zote nazijibu asante.

Mara tatu nimeifunga kwenye boksi nikaipeleka ofisi ya basi, na mara tatu nimerudi nayo nyumbani. Gidabuday, karani wa vifurushi, siku hizi ananisalimia tu, haulizi kitu.

Haijapata chaji tangu Desemba, lakini nusu ya ukurasa bado inasomeka. Fundi wa hapa sokoni alinieleza kuwa aina hii ikizimika ghafla hubaki na ukurasa wa mwisho. Ndio ukurasa aliokuwa anausoma Thadei siku moja kabla tope la mlima halijafika nyumbani kwetu Jorodom. Nguo zake zilikwenda, picha za harusi zilikwenda. Imebaki mistari tisa. Naisoma kila siku nikitoka shule na silii. Sijui kwa nini silii.

Kaka, nilikwambia ilianguka kutoka mezani, nawe ukaandika hivyo kwenye fomu. Nilikudanganya. Jumamosi ile tulikuwa twende wote Tumati, kwenye kipaimara cha mtoto wa Mwalimu Rahel. Gari lilikuwa linapiga honi nje, na mume wangu anasema nimsubiri, amebakiza kurasa mbili. Nilimnyang'anya nikaibamiza sakafuni. Halafu nikaitia kwenye mkoba wangu ili asiendelee kusoma, nikamwambia abaki, simhitaji. Akabaki. Nilirudi Jumapili jioni nikakuta watu wanachimba.

Hakuna anayejua hilo ila wewe sasa.

Waranti ni ya ajali, na ile haikuwa ajali. Naomba uwaandikie kampuni hivyo hivyo, kwamba mdogo wako aliivunja kwa makusudi. Watakataa kutupa mpya, na hawatanidai hii.

Wifi na watoto wasalimie sana. Usininunulie nyingine.

Ni mimi mdogo wako,
Rogathe