Salamu za Kona ya Mazeras

Mume wangu, baba Salim,

Assalamu alaikum. Jana mwanao alipiga magoti mbele yangu hapa Changamwe, akataka radhi. Amepata kazi ya kuendesha lori, na safari yake ya kwanza ni njia ile ile ya bara iliyokuchukua wewe. Niliendelea kupepeta mchele usio na chuya hata moja.

Unakumbuka uliponipandisha lorini, bibi harusi wa juzi? Kabla ya kona ya Mazeras ulizima redio, ukashusha kioo, ukatoa salamu kuelekea porini. Nikacheka mpaka ushungi ukaniteleza.

"Usicheke, mke wangu," ukasema. "Ndiya hii ina wenyewe."

Ukanieleza habari za wapagazi waliopita hapo na pembe za ndovu mabegani, kabla ya reli, kabla ya lami. Aliyeanguka aliachwa pale pale, bila sanda wala kaburi, ndiyo maana madereva humsalimu. Asiyesalimu, ulisema, breki humkana kwenye mteremko. Nikakuuliza wapagazi wamejulia wapi mambo ya breki. Ulininunia mpaka Mariakani.

Nami nimekununia miaka, kwa sababu ulisalimu siku zote na breki zikakukana vilevile. Ulirudishwa umeshaoshwa na kukafiniwa. Ndugu zako wakanizuia nisikufunue uso. "Muache na sitara yake," wakasema. Tangu hapo, kila nikifumba macho nakuona huna uso. Sijapata kumwambia mtu.

Jana Salim, aliponiona siinui macho kwenye ungo, alijaribu kunituliza.

"Mama, madereva wasema baba yuko pale konani. Mbele kukiwa na hatari, mzee mwenye kofia ya viua kama yake husimama kando akainua mkono. Nao humtolea salamu."

Nilikasirika. Wewe si mzimu, baba Salim. Ulisaliwa, ukazikwa, na kaburi lako nalipalilia kwa mikono yangu. Nikafungua kinywa nimkemee, kikatoka kitu kingine kabisa.

"Na uso wake, mwanangu, wasema u mzima?"

"Mzima, mama. Wallahi, wasema yuwacheka."

Nililia kwa sauti bila haya. Kisha nikamwekea mwanao mkono kichwani, nikampa radhi zote nilizo nazo.

Ameondoka leo asubuhi. Mola akurehemu, akulaze mahali pema.

Mkeo,
Mama Salim