Anayechagua Vyembe Ndiye Anayesimama

Mjomba,

Mkweo Shija amenunua vyembe vya mishale vinavyofunguka kama mwavuli. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu najua ungecheka mpaka ukohoe, na kicheko chako ndicho tunachokikosa zaidi pale nyumbani Usagara. Sasa shikamoo.

Tangu tukuzike, nguruwe pori wamerudi kwenye mawe ya nyuma ya shamba lako. Nadhani walijua kabla ya majirani kwamba hupo. Wamefukua viazi vya mkeo Mama Nyamizi tuta kwa tuta, wakitafuna kidogo na kuharibu sana, naye akanipigia simu ofisini. "Mwanangu, hivi viazi ndivyo chakula changu mpaka mvua nyingine. Nyie wanaume mnangoja nini?" Nikafanya ninachokiweza, nikafuatilia kibali cha kuwinda. Nilikaa kwenye mabenchi ya ofisi za watu kwa adabu zote za karani mpaka kikatoka. Nilidhani kazi yangu imeishia hapo.

Kumbe Shija alikuwa na mipango. Ana duka la simu Kirumba, na siku hizi mwenye duka la simu anajua kila kitu. Alikuja kwenye kikao cha wawindaji na kisanduku chenye picha ya mnyama mwenye pembe kama matawi makavu, mnyama ambaye hakuna mtu Misungwi nzima aliyewahi kukutana naye. Akatoa chembe kimoja, akakibonyeza mezani, vikachomoza vijiwembe vitatu. "Mnaona? Teknolojia hiyo. Mnyama akiguswa tu, kwisha habari." Wenzetu wakabaki midomo wazi, watu wazima waliowinda na wewe miaka yote.

Mimi nikatazama bawaba zake, nyembamba kama pini ya saa. Vitu hivyo vimetengenezwa kwa pinde za magurudumu, zenye nguvu ambayo mikono yetu haina. Kwa upinde wetu wa mti, nguvu yote inaishia kufungua mwavuli, nyama haifikiwi. Halafu vina skurubu. Skurubu, Mjomba, kwenye mishale ya mti. Shija alitoboa ncha za mishale kwa msumari, mti ukapasuka, akazungushia selotepu. Ndicho alichotuletea kwa nguruwe dume. Selotepu.

Nilikumbuka siku uliyonichukua mnadani, nikiwa bado shuleni. Yule muuzaji alikuwa amepaka vyembe vyake rangi ya fedha, vinang'aa kama vyombo vya harusi. Ulichukua kimoja, ukakikandamiza ncha kwenye jiwe, kikapinda. Ukamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa. "Mwanangu, hiki kiweke pamoja na vijiko." Watu wakacheka mpaka akahamisha turubai lake.

Njiani ulinifundisha, na mimi, niliyeogopa hata kuchinja kuku, nilikariri kama somo la mtihani. Makali mawili yanatosha. Kiwe chuma kimoja toka ncha hadi mkia, cha springi ya lori, na mkia uwe mrefu wa kuzama kwenye mti na kufungwa kwa kano ya ng'ombe. Kijaribu kwa tupa. Tupa ikikila kama sabuni, ni laini, kitapinda. Ikiteleza kama juu ya kioo, kitakatika kwenye mfupa. Kinachofaa kinakubali tupa, lakini kinabishana nayo kwanza. "Na usiniambie bei," ulisema. "Cha bei nafuu ni kile utakachokinoa tena mwakani."

Desturi yetu uliishika wewe muda wote. Anayechagua vyembe vya kundi ndiye anayesimama mdomoni mwa kichaka, pale nguruwe anapotokea wawindaji wengine wakimfukuza kwa kelele. Ndiyo maana takataka hazikuwahi kununuliwa. Shija anaijua desturi hiyo vizuri. Alipokwisha kusifiwa, akajifuta jasho, akasema, "Ila mnunuzi rasmi tumweke Karani. Yeye ndiye msomi. Mimi nimemsaidia kubeba tu." Wakapiga makofi. Yaani nisimame mimi mbele ya meno ya nguruwe, na miavuli yake mkononi.

Niliogopa, Mjomba. Lakini nimejifunza kwamba dharau inaweza kumshika mtu mgongo pale ujasiri unapokosekana. Nilimtazama yule mtu na selotepu yake, nikasema kwa sauti nyembamba ambayo hata mimi sikuipenda, "Kama nasimama mimi, nachagua mimi. Hivi virudi dukani."

"Karani kakasirika," Shija akasema. "Mpeni maji."

Kesho yake nikaenda kwa mhunzi wa nyuma ya stendi, na tupa yako mfukoni. Nilikataa vingi mpaka akachoka. "Kijana, unachagua chembe au mchumba?" Nikamwambia mchumba hatakiwi kumsimamisha nguruwe. "Hujaoa wewe," akajibu. Nikaondoka na vyembe vyeusi, vibaya kwa sura, vyenye alama za nyundo. Shija alivitazama akauliza kama nimeviokota kwenye majivu.

Siku ya kuwinda nilisimama pale ulipokuwa ukisimama wewe. Shija alijichagulia nafasi juu ya jiwe, na mshale wake wa mwavuli. Kelele zilipoanza, nguruwe dume alipita chini yake, karibu kabisa. Akaachia. Mwavuli ukagonga bega lililogandwa na tope kavu, ukafunguka nje ya ngozi, na mshale ukaanguka kama kijiti kilichorushwa na mtoto. "Upepo," akasema. Hapakuwa na upepo.

Kisha yule dume akaja kwangu.

Nilifumba jicho moja kama ulivyonifundisha, halafu, sikufichi, nikafumba na la pili. Mshale ulikwenda nyuma mno, mbali na pale penye moyo. Nilirusha vibaya sana, Mjomba. Lakini chembe kilipita mbavu zote na kutokea upande wa pili. Nguruwe akanipita, akaipaka tope suruali yangu ya kazini, akaanguka kabla ya kufika kwenye matete.

Nilikaa chini. Wenzetu walikuwa wanapiga vigelegele, na mimi nawaza jambo moja tu. Mlengaji hodari anaweza kuua hata kwa chembe kibaya. Chembe kizuri kinanunuliwa kwa ajili ya mwoga, kwa siku ile mkono wake utakapotetemeka. Ndipo nilipojiuliza ukali wako wote wa mnadani ulitoka wapi. Mjomba, nawe ulikuwa unatetemeka pale? Miaka yote ile? Hukusema. Nami sikuuliza, na sasa...

Basi.

Mama Nyamizi amechimba viazi vilivyosalia, na alitupikia pamoja na nyama. Shija alikula kuliko wote, akawasimulia majirani jinsi alivyomjeruhi mnyama kwanza. Baadaye akanivuta pembeni, mpole kama mteja mwenye deni. "Shemeji, safari ijayo nichagulie na mimi." Nikamwambia nitampeleka kwa mhunzi na nitamwazima tupa, lakini mnunuzi awe yeye, kwa jina lake, mbele ya kikao. Akafikiri kidogo. Akasema kazi ni nyingi Kirumba.

Chembe kile nimekichomoa mwenyewe. Kimepata pengo dogo kwenye mfupa. Nimekinoa, na pengo limekwisha.

Nguruwe wengine bado wako kwenye mawe. Sikuahidi kwamba hofu yangu itapungua, maana sijaona dalili. Nakuahidi nitaendelea kuchagua kwa ubishi uleule, wacheke mpaka wachoke, na nikishachagua nitakwenda kusimama, na suruali nyingine.

Pumzika, Mjomba. Mdomo wa kichaka una mtu.

Mpwao,
Mabula