Ngazi Mahali pa Sura

Mke wangu,

Je, mama bado anauburuza ule mguu? Mimi mzima, ila nimekuficha jambo. Kazi iliisha miezi mitatu iliyopita, na kibali changu cha kukaa huku kinaisha mwisho wa mwezi huu. Nisipopata kazi narudishwa.

Fundi bomba ninayekaa naye chumba kimoja alinifungulia ukurasa kwenye ule mtandao wa watu wa kazi. Ukataka picha yangu. Nikaweka picha ya ngazi niliyoijenga mwaka juzi katika hospitali ya huku.

Akacheka mpaka akakohoa. "Mzee, hapo panatakiwa sura! Nani ataajiri ngazi?"

Nikamjibu, "Sura yangu haijawahi kumfikisha mtu ghorofani."

Mke wangu, jana mwanamke nisiyemjua, msimamizi wa ujenzi, aliniandikia: "Ngazi hiyo niliipanda kwa magongo, mguu umevunjika, na sikujikwaa hata mara moja. Nikasema, aliyejenga hapa alimfikiria mgonjwa. Njoo Jumatatu saa mbili asubuhi tuzungumze kazi."

Nilijikuta nimesimama, simu mkononi. Watu wote wale waliojaa mle mtandaoni, na ngazi yangu ikamkuta aliyeipanda! Tena amejuaje? Maana ni kweli, nilimfikiria mama. Ndiyo sababu kila kipandio nilikipunguza kimo kidogo, bila kumwambia mtu.

Niombee Jumatatu. Na mwambie mama mguu wake umenitafutia kazi.

Mumeo,
fundi asiye na sura