Kikwembe cha Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai
Marundo matatu uani: vya kufua, vya kusugua, vya kutupa. Siku ya tatu tangu makaa ya jiko letu la mbabula yashike pazia la jikoni. Vyumba viwili vimekwisha kwa moto. Watu wote wazima, namshukuru Mungu. Sufuria kumi na moja nimezisugua kwa mchanga na majivu, zinang'aa kuliko zamani. Majirani wanakuja kunipa pole, wananikuta naimba. Wacha washangae. Mume wangu yuko Bukama kwa kazi ya reli. Nimempigia simu asihangaike.

Sanduku la chuma la mama mkwe limetoka zima. Ndani mna kikwembe chake cheupe chenye ndege wa bluu, alichokinunua ujanani kwa pesa za samaki wake wa Mulongo. Ndiyo nguo atakayozikwa nayo, nyumba nzima tunajua. Moshi umepenya, ndege wote weusi. Aliuliza mara moja tu: "Kikwembe yangu iko?" Nikamjibu kipo, Mama, nitakurudishia safi. Mimi si mwalimu wa sayansi?

Jumanne, 8 Julai
Nimekiharibu.

Nilikitia kwenye maji moto na sabuni, nikasugua kwa nguvu. Masizi yalikuwa juu juu, mimi nimeyaingiza ndani. Michirizi ya kijivu toka pindo hadi pindo. Nimefua mara tatu, ya tatu mbaya kuliko ya kwanza. Miaka kumi na miwili nafundisha watoto habari za mafuta na maji! Nimekificha chini ya beseni. Mwoga.

Jumatano, 9 Julai
Meza imesafishika. Viti pia. Vitabu nimevipangusa kwa kitambaa kikavu, kimoja kimoja. Kazi yote inakwenda vizuri isipokuwa ile moja.

Mama mkwe hakugusa bukari, ugali wetu, jana wala leo. Ameketi kwenye kiti cha kuazima akilitazama sanduku. Anaogopa kufa wiki hii akafungwa kwenye shuka la watu. Hajasema. Hahitaji kusema.

Sokoni kuna kikwembe kinachofanana. Ndege walewale. Nimekishika, nimekikunja, nimekirudisha. Pua ya Mama ingenikamata kabla ya macho.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemwambia. Nilipiga magoti, nikakitandaza mbele yake, nikangoja kilio.

Akakinusa. Akakigeuza. Akaniangalia kama ninavyowaangalia wanaofeli hesabu rahisi. "Weye mwalimu, uliweka mayi mbele? Minyi nilikausha samaki myaka makumi mbili, nguo zangu zilikuwa moshi tupu. Leta bunga ya mihogo."

Masizi huanza na unga mkavu, maji huja mwisho. Wanawake wote wa Mulongo wanajua. Mimi nina diploma. Kwa kuwa nilikwisha kukosea, tumekoroga uji mzito, tumeupaka kwenye michirizi, tumeuacha juani mpaka upasuke, tumekung'uta. Unga umetoka wa kijivu. Tumerudia. Amri zote zake, mikono yote yangu. Nimeona aibu, na nimefurahi zaidi ya aibu. Jioni amekula bukari, akaomba nyongeza.

Jumamosi, 12 Julai
Mara ya saba. Unga umetoka mweupe. Ndege wamerudi bluu, ila mmoja wa pembeni ambaye bado ana kivuli. Mama mkwe anasema huyo ni wangu. Nimekipiga pasi, nimekikunja, nimekiweka juu ya sanduku.

Jumapili, 13 Julai
Asubuhi juu ya sanduku hakuna kitu. Amekivaa. Anakwenda nacho misa.

Nilisema, Mama, hicho si cha siku ile? Akafunga fundo kiunoni. "Kitu unafungia, moto ndiyo inaivaa."

Nimemsindikiza hadi mlango wa kanisa lake, kisha nikaenda langu. Njiani nilikuwa nyuma yake. Harufu ya moshi ipo bado, kidogo.

Ndani ya sanduku ameweka vitunguu.